Kijiwe kisicho na makao makuu: programa anavyowapata wenzake

Ukifungua akaunti leo Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja, kitu cha kwanza kukupokea ni ukimya. Ukurasa wa mwanzo ni mtupu. Hakuna video inayojicheza yenyewe, hakuna orodha ya "watu unaoweza kuwafahamu" iliyochumwa kwenye namba za simu yako. Wenzangu kadhaa niliowashawishi waingie walivumilia siku mbili tatu, wakarudi walikotoka wakisema kule hakuna mtu. Watu wapo. Wapo ambao kama wangekuwa na mhadhara Morogoro ningepanda basi la alfajiri kwenda kuwasikiliza. Ila mtandao huu hauwaleti mlangoni kwako, na sababu imo ndani kabisa ya namna ulivyojengwa. Usipoielewa sababu hiyo utaona kama umesuswa.

Mimi natengeneza programu za ramani, Dar es Salaam. Jiji hili lina historia nzuri kwenye fani hiyo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko, mtaro kwa mtaro, nyumba kwa nyumba, na kuweka kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ukafanyika hapahapa. Lakini mkutano ukiisha watu hurudi makwao, na ofisini unabaki peke yako na tatizo ambalo ukimweleza jirani wa mezani anatikisa kichwa kwa heshima tu. Hicho ndicho kilichonipeleka kwenye mitandao hii. Nilikuwa natafuta mtu wa kuzungumza naye habari za mitaro.

Mitandao ya aina hii huitwa iliyogatuliwa. Kwa Wakenya neno halina ugeni: tangu Katiba ya 2010 wanaishi na ugatuzi na kaunti zao 47. Lakini mfano wa kaunti una mahali unapokwama, maana Nairobi bado ipo, na Mastodon haina Nairobi. Barua pepe inafaa zaidi. Wewe uko Gmail, mhasibu wenu anatumia seva ya kampuni, dada yako amebaki Yahoo tangu chuo, na barua zinafika kote. Hakuna anayeimiliki barua pepe, kuna makubaliano tu ya namna ya kuandika anwani na kukabidhiana bahasha. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, imesimama juu ya makubaliano ya namna hiyo: ni seva nyingi, kila moja na wenyewe, zinazopelekeana machapisho. Itifaki yake inaitwa ActivityPub, na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, kiliipitisha Januari 2018. Programu nyingine nyingi zinazungumza itifaki hiyohiyo, kwa hiyo aliye kwenye mojawapo anaweza kumfuata aliye kwenye nyingine.

Kwa watengeneza programu, mambo haya yana mizizi ya zamani. IRC, mfumo wa vyumba vya mazungumzo mtandaoni ambako vizazi vya maprograma vimefundishana kwa maandishi matupu, ilizaliwa Finland mwaka 1988 na mapema kabisa ikawa seva zilizounganishwa. Na Mei 2021 tuliona faida ya kutofungwa mahali pamoja. Freenode, mtandao wa IRC uliokuwa nyumbani kwa jumuiya nyingi za programu huria, uliingia kwenye mgogoro wa umiliki. Wasimamizi wake wa kujitolea wakajiuzulu kwa pamoja na kuanzisha Libera.Chat, na ndani ya wiki chache jumuiya nyingi zikawa zimeshafungasha virago na kuwafuata. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Elon Musk akakamilisha ununuzi wa Twitter kwa dola bilioni 44, na safari hii waliohama walikuwa wengi zaidi. Wengi wakaelekea Mastodon, wakakutana na ule ukimya.

Sasa tuuangalie kwa karibu. Tuseme uko kwenye seva ndogo ya watu mchanganyiko, na umesikia kuna mtu mzuri wa ramani ambaye akaunti yake iko en.osm.town, seva ya watu wa OpenStreetMap. Anwani yake ina sehemu mbili kama barua pepe: jina lake, kisha jina la seva. Unaiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Seva yako inabisha hodi en.osm.town na kuuliza, "Huyu mtu mnaye?" Inajibiwa kwamba yupo, na kuelekezwa wasifu wake ulipo na sanduku lake la barua liko wapi. Ukibonyeza kufuata, seva yako inatuma ombi, ile nyingine inajibu imekubali, na inaandika kwenye daftari lake kwamba kuanzia sasa kila akiandika mtu huyu, nakala ipelekwe pia kwenu. Kuanzia dakika hiyo machapisho yake yanakufikia. Ya nyuma hayaji yenyewe.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Seva yako haina picha ya mtandao mzima. Inajua tu yale ambayo yameletwa kwake: ya watu wanaofuatwa na mwenyeji yeyote wa hapo, ya watu ambao wenyeji hao wamewasambaza, na vitu vichache vinavyoingia kwa njia nyingine. Ni kama kijiwe cha kahawa. Wazee wa kijiwe cha Kariakoo wanaweza kukupa habari za Songea zote za wiki hii, kwa sababu wawili kati yao wana ndugu Songea. Za Bukoba hawana, na si kwamba Bukoba hakuna kinachotokea.

Kwa hiyo ukitafuta hashtegi ya #PostGIS, programu ya kuhifadhi na kuchambua data za ramani, kwenye seva ambayo hakuna hata mtu mmoja anayejishughulisha na ramani, utapata machapisho mawili matatu ya miezi iliyopita na utaamini fani yako imekufa. Itafute hashtegi hiyohiyo kwenye seva ya watu wa ramani, na utakuta mazungumzo ya asubuhi ya leo. Mtandao ni uleule, umebadili tu kijiwe unachoulizia. Nilipolielewa hili niliacha kulalamika, nikaanza kuuliza swali lenye maana: nikae na nani?

Watu hujibu swali hilo kirahisi mno, wakisema seva yoyote inafaa kwa kuwa zote zinaongea. Ni kweli zinaongea, lakini kwa mgeni asiye na anayemfuata, kuchagua seva ndiko kuchagua majirani. Kila seva ya Mastodon ina mtiririko wake wa ndani, yaani yote yanayoandikwa hadharani na wenyeji wake kwa mpangilio wa saa. Kwenye seva ya mchanganyiko mtiririko huo ni kelele ya sokoni. Kwenye seva ya watu wa fani moja ni kijiwe hasa: unakaa pembeni siku tatu, unasikiliza, unajua nani anajua nini.

Na zipo za kila namna. Fosstodon, iliyoanza 2017, ni ya wapenzi wa programu huria. Functional.cafe inakusanya wanaopenda lugha za programu kama Haskell, OCaml na ndugu zake. Mathstodon ni ya wanahisabati na wanaokaa jirani na hisabati. Pale milinganyo inaonekana vizuri kama ilivyo kitabuni, na mwanahisabati Terence Tao ana akaunti hapo. Wasanifu wa kiini cha Linux wana seva yao, social.kernel.org, na Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, huandika huko. Nina neno kwa msomaji wa Kiswahili: soma kanuni za seva kabla ya kuingia. Fosstodon, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitaka machapisho ya hadharani yawe kwa Kiingereza, kwa sababu wasimamizi wake hawawezi kusimamia lugha wasiyoielewa. Siwalaumu kwa hilo. Lakini kama unataka kuwa na siku za kuandika kwa lugha yako, tafuta nyumba inayoiruhusu.

Seva inayonigusa zaidi ni Hachyderm. Aliianzisha Kris Nóva, mhandisi aliyejulikana sana kwenye ulimwengu wa mifumo ya kompyuta za mawingu, mwaka 2022, kwenye mashine zilizokuwa nyumbani kwake, chini ya nyumba. Ilipofika Novemba mwaka huo, watu waliokuwa wakihama Twitter walimiminika, na seva iliyokuwa na watu wasiofika elfu ikafikisha kama 30,000 ndani ya mwezi. Diski zikaelemewa. Yeye na wenzake wa kujitolea wakahamisha mfumo mzima huku ukiwa unatumika, wakaeleza hadharani kila kilichoharibika na walivyokitengeneza, na maelezo hayo yakawa darasa kwa wahandisi wengi. Agosti 2023 Nóva alifariki kwa ajali akipanda mlima. Hachyderm haikuzimika. Ilikuwa imeshawekwa chini ya taasisi, Nivenly, na kulikuwa na watu wenye funguo.

Nalikazia hilo la funguo kwa sababu seva yangu ya kwanza haikuwa nazo. Ilikuwa ya mtu mmoja, mkarimu, aliyeilipia mfukoni. Jumatatu moja haikufunguka, wala Jumanne, na mpaka leo haijafunguka. Nilipoteza orodha ya watu niliokuwa nimewakusanya kwa miezi, mmoja mmoja. Mastodon inakuruhusu kuhama: wafuasi wako wanakufuata kwenye seva mpya, na orodha ya unaowafuata unaipakua kama faili na kuipandisha upya, ingawa machapisho yako yanabaki ulikotoka. Lakini kuhamisha wafuasi kunahitaji seva ya zamani iwe hai. Kwa hiyo pakua orodha yako leo, na uipakue tena kila mwezi. Na unapochagua seva, angalia kama imo kwenye orodha ya joinmastodon.org. Seva za pale zimeahidi kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga, kuwa na nakala rudufu za kila siku, na kuwa na angalau mtu mwingine mmoja anayeweza kuingia kwenye mitambo dharura ikitokea.

Umeshakaa kijiweni. Sasa inabidi ubishe hodi, na hapa ndipo maprograma wengi tunapojiangusha, kwa aibu au kwa kudhani kazi zetu zitatusemea. Chapisho langu la kwanza la kujitambulisha lilisema hivi: "Habari, mimi ni mgeni hapa. Napenda teknolojia na programu huria." Wiki nzima hakuna aliyejibu. Nilipolisoma upya nikaona hakukuwa na cha kujibu. Ni sawa na mtu aliyeingia barazani akasema anapenda chakula.

La pili liliandikwa namna hii: "Natengeneza vifaa vya kukagua mitaro ya maji ya mvua kwenye OpenStreetMap, Dar es Salaam. Natumia Python na PostGIS. Wiki hii nahangaika na mitaro iliyochorwa kinyumenyume: ramani inasema maji yanapanda mlima." Chini yake nikaweka #OpenStreetMap, #PostGIS na #introduction, ile ya mwisho ikiwa ndiyo hashtegi ambayo wageni huitumia kujitambulisha. Nililiandika kwa Kiingereza, kisha nikalirudia kwa Kiswahili kama jibu langu mwenyewe. Jioni hiyohiyo nilikuwa na watu wanne wakibishana chini yake.

Kilichobadilika ni kwamba niliweka tatizo mezani. Kwenye OpenStreetMap, mstari wa mtaro hauna mshale; upande uliouchora kuelekea ndio unaosomwa kama upande maji yanakokwenda. Mchoraji akianzia bondeni akapanda, bila kujua ameandika uongo, na anayetumia data hizo kukadiria mafuriko anapata mto unaorudi kwenye chemchemi. Kila aliyewahi kugusa data za maji anaujua uchungu huo, awe Jakarta au Rotterdam. Tatizo linatambulika haraka kuliko wasifu.

Baada ya hapo ni kazi ya mikono, na mimi naipenda kwa sababu ni ya mikono. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, Mastodon inakuruhusu kuifuata hashtegi kama unavyomfuata mtu, ikajaza ukurasa wako wa mwanzo. Anza na nyembamba. Hashtegi ya lugha nzima kama Python itakufurikisha, ila ya maktaba moja ya kodi unayoitumia kila siku itakuletea watu wachache walio sawasawa na wewe. Ukimpata mmoja mwenye maneno ya maana, fungua orodha ya anaowafuata. Lakini ifungulie kwenye seva yake, maana kwenye seva yako utaonyeshwa wale tu ambao seva yako imeshakutana nao. Na ukikuta chapisho zuri nje, nakili kiungo chake, ukibandike kwenye kisanduku cha kutafutia ukiwa kwenye akaunti yako. Seva italifuata na kulileta, na sasa unaweza kulijibu. Kila unayemfuata unamletea na jirani yako wa seva. Kama seva yako ni ndogo, wewe ndiye mwenye ndugu Bukoba.

Kuna misimu pia. Kila Novemba watu wa ramani hushiriki #30DayMapChallenge, iliyoanzishwa na Topi Tjukanov mwaka 2019, ramani moja kwa siku kwa mada ya siku hiyo. Kila Desemba tangu 2015, Eric Wastl hutoa mafumbo ya programu ya Advent of Code, na maprograma huonyeshana walivyoyafumbua. Misimu hiyo ina thamani kwa mgeni kwa sababu wote mnafanya jambo moja siku moja, na kumuuliza mtu usiyemjua "hapa umefanyaje?" ni jambo la kawaida kabisa.

Ipo mipangilio miwili ambayo watu huisahau, kisha wakashangaa hawapatikani. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023, maneno ya chapisho lako yanaweza kutafutwa na wengine ikiwa tu wewe mwenyewe umeruhusu. Bila hivyo unapatikana kwa hashtegi peke yake. Pia wasifu wako hautapendekezwa kwa watu mpaka uweke tiki. Uamuzi huu ulifanywa kuwalinda watu wanaowindwa kwa maneno yao, nami nauunga mkono, lakini programa anayetafuta wenzake na akaacha visanduku hivyo vitupu amefunga mlango halafu anasubiri wageni. Na kama una tovuti yako, weka ndani yake kiungo cha kurudi kwenye wasifu wako chenye alama ya rel="me". Mastodon itakithibitisha kwa tiki ya kijani, na msomaji ataamini kwamba mwenye tovuti na mwenye akaunti ni mtu mmoja.

Wapo watakaosema kazi yote hii ya nini wakati Bluesky ipo. Ni hoja ya haki. Bluesky, iliyoanza kama mradi ndani ya Twitter mwaka 2019 na kufunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, imejengwa kwa itifaki nyingine ambamo data za wote hukusanywa kwenye mkondo mmoja mkubwa. Ndiyo maana ukitafuta neno unalipata, ndiyo maana mtu anaweza kutengeneza mtiririko wa mada moja na wewe ukajiunga nao kwa kubonyeza, au akakupa furushi la watu thelathini wa fani yako ukawafuata kwa mkupuo. Ukimya wa siku ya kwanza haupo. Lakini mitambo ya kukusanya na kuonyesha mkondo huo ni mizito, na sehemu kubwa yake bado inaendeshwa na kampuni moja. Mimi niko kote kuwili, na kuna daraja, Bridgy Fed, linalovusha machapisho baina ya pande hizo kwa anayeruhusu. Hata hivyo, marafiki niliowapata Bluesky nimewapata haraka na nikawasahau haraka. Walionichukua muda Mastodon ndio ninaoandikiana nao mpaka sasa. Huenda ni tabia yangu tu.

Na anayependa mijadala mirefu yenye mada kuliko kufuata mtu mmoja mmoja, aangalie Lemmy, hasa programming.dev, iliyopata watu mwaka 2023 wakati Reddit ilipogombana na watumiaji wake kuhusu malipo ya kuunganisha programu za nje. Nayo inazungumza ActivityPub.

Limebaki la Kiswahili. Mastodon inakuuliza lugha ya kila chapisho, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Wengi wetu tunaandika Kiswahili huku tumeacha alama ya Kiingereza, na matokeo yake anayechuja mtiririko ili aone Kiswahili tu hatuoni. Kibonyezo hicho ni kidogo, lakini kwa lugha yetu ndicho kinachoamua kama programa wa Goma na wa Lamu watajua kwamba wapo sehemu moja.

Nilikiona kikifanya kazi kwenye ule mjadala wa mitaro. Jibu lililonisaidia lilitoka kwa mtu anayetengeneza programu za mifereji Uholanzi, nchi ambayo nayo ni tambarare kiasi kwamba mwinuko haukuambii maji yanaelekea wapi. Akasema niache kuangalia urefu wa ardhi, niangalie makutano: mitaro miwili ikiishia kwenye nukta moja na hakuna unaotoka hapo, basi mmoja wapo umechorwa kinyume, au kuna wa tatu haujachorwa. Sikuwa nimeliwaza hilo. Niliandika swala la PostGIS, yaani amri ya kuiuliza data, la mistari kumi na moja usiku ule, na asubuhi nikaandika muhtasari wake kwa Kiswahili, lugha nikaiweka sawa.

Siku mbili baadaye akajibu kijana wa Mwanza ambaye sikuwa nikimjua. "Shikamoo kaka. Nimelijaribu huku kwetu." Kwao mwinuko si tatizo, vilima vya mawe vinasema vyenyewe maji yanakokwenda. Ila mitaro yao inaingia chini ya mawe makubwa na kutokea mbele, mchoraji anakatisha mstari, na swala langu linahesabu kila jiwe kama kosa. Akauliza tufanyeje. Bado tunalifanyia kazi.